Jiwe Moja, Vichwa Viwili

Mellen Okari hakuimaliza chai yake. Hilo Nyasuguta aliliona kabla hata mazungumzo hayajaanza vizuri, na lilimchoma, maana alikuwa ametia maziwa yote ya asubuhi, akatia na tangawizi, akamtuma bintiye Mokeira kwa jirani kuazima vikombe vyenye visahani. Kikombe cha mgeni kilikuwa kimejaa karibu mpaka mdomoni. Mellen alikuwa amekisukuma kwa kidole kimoja, polepole, mpaka kikakaa mbali na kikombe cha Boaz, mume wa Nyasuguta.

"Chai ni nzuri sana," akasema. "Ni vile tu nimetoka kunywa pahali."

Pahali wapi? Mtu ametoka Migori mjini Jumapili asubuhi na mapema mpaka huku Macalder, ameinywa wapi hiyo chai? Lakini esigani haulizwi maswali. Esigani ndiye anayeuliza. Familia ya mvulana humtuma kwa kina msichana akatazame kama kuna uchawi, kama kuna wizi, kama kuna ugonjwa unaopita kwa damu, na atakachorudi nacho ndicho kitakachoamua ng'ombe watoke au wasitoke. Wakisii wengi siku hizi wameyaacha mambo hayo, watoto wao wanakutana kwenye simu na kuoana bila kupelelezwa. Mzee Oyaro, mwenye duka la saruji na mabati pale Migori, hakuwa ameyaacha. Mwanawe Caleb alitaka kumwoa Mokeira mwezi wa Agosti, basi mzee akamtafuta Mellen, shemasi wa kanisa, mwanamke wa viatu vilivyong'arishwa na daftari la jalada gumu.

"Sasa Ndugu Kerosi," Mellen akasema, macho yakiwa kwa Nyasuguta, "huu ugonjwa wake ulianza lini?"

Na Boaz Kerosi alikuwa ameketi hapo hapo! Mikono magotini, shati limepigwa pasi, ndevu zimenyolewa. Mwanamume mzima aliyechimba dhahabu miaka kumi na sita, anaulizwa kupitia kwa mkewe kama ng'ombe wa mnadani.

"Ulianza baada ya jiwe, dada," Nyasuguta akasema. "Mwaka juzi, mwezi wa tano, shimo la Javan, tajiri wake, lilibomoka. Jiwe likampiga hapa." Akajigusa juu ya sikio la kushoto. "Alilala hospitali siku kumi na moja. Akapona, akarudi kazini. Mwezi wa kumi na mbili ndio akaanguka mara ya kwanza. Kabla ya hapo huyu mtu hakuwa anajua hata kuumwa na kichwa."

"Na babake?"

"Alikufa mzee wa miaka themanini na nne, na meno yake yote mdomoni."

"Shangazi zake?"

"Hakuna."

"Upande wa mama yake? Wajomba?"

"Si nimesema hakuna!"

Mokeira, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, akamtazama mamake. Nyasuguta akashusha pumzi, akalazimisha tabasamu.

Mellen aliandika kitu, akafunika kalamu. "Nimeuliza watu hapa sokoni. Wanasema siku ile shimoni walikuwa wawili."

"Wawili. Yeye na Mniko."

"Yule Mkuria. Naye alipigwa?"

"Kichwani, kama huyu. Tena yeye alishonwa nyuzi nyingi zaidi."

"Nimemwona leo asubuhi nikipita. Anabeba magunia ya mawe kwa bega huku anaimba." Mellen akaegemea mbele. Hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo lililozidi kuudhi. "Sasa nielezee, dada, maana Mzee Oyaro ataniuliza. Jiwe ni moja. Vichwa ni viwili. Kichwa kimoja kina kifafa, kingine kinaimba. Kama ni jiwe linaleta kifafa, mbona Mniko hana?"

Usiku ngapi Nyasuguta mwenyewe alijiuliza swali hilo hilo! Na kabla hajajibu, ili mambo yaharibike kabisa, Boaz akaanza kutafuna hewa. Midomo ilicheza, vidole vikachezea kifungo cha shati, macho yakatazama ukuta bila kuona ukuta. Haikuwa ile ya kuanguka. Ilikuwa ile ndogo, ya dakika moja, inayokuja na kwenda. Nyasuguta aliweka mkono juu ya goti la mumewe akangoja. Alipoinua macho alimwona Mellen ameuokota mkoba wake sakafuni na kuinua miguu kidogo, kama mtu aliyeona maji yakiingia ndani ya nyumba.

Boaz alirudi, akauliza kama mgeni ameongezewa chai.

"Nitakuja Jumapili ijayo," Mellen akasema akisimama. "Mzee hangoji zaidi ya hapo. Nasikia mnaenda kwa madaktari wa utafiti Homa Bay. Kama wana karatasi inayosema hii kitu haiko kwa damu, mniwekee. Mimi si adui yenu, Mama Mokeira. Natumwa tu."

*

Alhamisi Nyasuguta alibeba mikungu miwili ya ndizi za kupika, akashuka nayo soko la Rodi Kopany, akaiuza kwa bei ya kujikaba koo ili apate nauli ya kufika Homa Bay na kurudi. Watu wa utafiti hurudisha nauli, ndiyo, lakini siku walizoita wao. Siku uliyojiita mwenyewe ni shauri lako.

Kituo chao kilikuwa nyumba ya kupanga juu ya mteremko, rangi nyeupe, uani mabomba mawili na benchi la mbao. Boaz alikuwa amefika hapo mara nne. Mara nne walimvalisha ile kofia ya nyaya wakasoma umeme wa kichwa chake kwenye kompyuta, na mara nne alirudi nyumbani na nywele zilizogandamana kwa ile dawa nzito wanayopakia nyaya, watu wakimcheka njiani kwamba amemwagiwa uji. Walimtoa damu. Wakamtoa damu Mokeira pia. Nyasuguta hakuwahi kukataa kitu. Kwa hiyo leo, akajiambia, leo ni zamu yao kutoa.

Daktari Adhiambo alikuwa mwanamke kijana, mpole, wa sauti ya chini, na alimkaribisha ofisini bila kumngojesha. Alisikiliza yote: Oyaro, Caleb, esigani, daftari. Hakucheka.

"Kichwa cha Ndugu Kerosi nimekuelezea, mama," akasema. "Ubongo ukiumia haukai hivyo hivyo. Unajirekebisha. Seli zinaotesha matawi mapya, zinashikana na zingine. Ndiyo maana aliweza kuongea tena na kutembea. Lakini wakati mwingine zinashikana vibaya. Miezi inapita, hata miaka, hakuna anayejua, halafu siku moja zinawaka zote kwa pamoja. Hicho ndicho kifafa chake."

"Basi andika hivyo hivyo."

"Nitaandika kwamba aliumia, kwamba kifafa kilianza miezi saba baadaye, na kwamba kuumia ndiko kunaelekea kuwa sababu."

"Kunaelekea?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa kunaelekea wapi? Andika kwamba haiko kwa damu. Mstari mmoja, daktari. Piga muhuri, niende."

Daktari aliweka kalamu chini. "Huo mstari siwezi kuandika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sijui kama ni kweli." Akasema haraka, kabla Nyasuguta hajainuka. "Nisikilize. Watu mia wakigongwa kichwa vibaya, wengi hawapati kifafa. Wachache ndio wanapata. Kwa nini hawa, si wale? Labda ni mahali jiwe lilipogonga. Labda ni damu iliyovujia ndani, au uvimbe uliokaa muda mrefu. Na labda kuna kitu kidogo mtu amezaliwa nacho, si ugonjwa, kitu kidogo tu, kinachofanya ubongo wake usipone vizuri ukiumia. Hatujui. Ndilo swali lenyewe linalofanyiwa utafiti hapa. Ndiyo maana tunachukua damu."

Nyasuguta alicheka kicheko kisicho na raha. "Hilo swali yule mwanamke ameniuliza nyumbani kwangu, daktari. Na hakumtoa mtu damu."

"Najua."

"Mtajua lini?"

"Utafiti ni wa miaka mitano. Huu ni wa pili."

"Mimi sina miaka mitano. Nina mpaka Jumapili!"

Sauti ilikuwa imepanda mpaka karani wa nje akachungulia. Daktari Adhiambo alimpa ishara aondoke, akavuta karatasi, akaiandika barua kwa Kiswahili ili isomeke, polepole, kwa mwandiko mzuri. Kisha akaisoma kwa sauti. Nyasuguta alihesabu. "Labda" zilikuwa tatu. Ningemwandikia mimi barua hiyo ningeweka uongo mmoja mtamu na mambo yangeisha, na nadhani hata daktari alitamani hivyo, maana aligonga muhuri bila kumtazama usoni.

Akatoka na barua yake ndani ya sidiria, akapita dirisha la dawa. Na hapo dirishani, mgongo wake mpana umejaa nafasi yote, akipokea chupa ya vidonge vile vile vya Boaz, vyenye kifuniko kile kile cha buluu, alisimama Mniko.

*

Walikaa kwenye ukuta mfupi nje ya geti, mahali ambapo akina mama walikuwa wakikaanga samaki. Mniko alikuwa ameificha chupa mfukoni kana kwamba bado kuna wa kumficha.

"Tangu lini?" Nyasuguta akauliza.

"Mwezi wa kwanza."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Asubuhi asubuhi nikiamka. Bibi yangu ndiye anajua, na hawa wa hapa. Watu wengine nawaambia naenda Kehancha kuona mama."

"Na unashuka shimoni, Mniko? Una akili kweli?"

"Najifunga kamba kiunoni. Nikianguka nitaning'inia, watanivuta."

"Utaning'inia! Kama ndoo!"

"Sasa nifanye nini, Mama Mokeira?" Alisema kwa utaratibu, akitazama mikono yake. "Javan akijua nimeisha. Na si Javan peke yake. Hakuna shimo kule kwetu Nyatike litanichukua. Hata kusaga mawe hawatanipa, watasema nitaangukia mashine. Umeona vile walifanyia Kerosi. Hata sahani yake ya kulia kule shimoni walitupa. Mimi niko na watoto watano."

Ukweli lazima usemwe: kitu cha kwanza kilichomjaa Nyasuguta hapo ukutani hakikuwa huruma. Kilikuwa furaha. Furaha kabisa, ya kumfanya mtu atake kuruka. Jiwe moja, vichwa viwili, vifafa viwili! Jibu la Mellen lilikuwa limekaa hapa kando yake na viatu vya matope. Kisha akamtazama Mniko usoni, akaona haya.

Akajaribu hata hivyo. Akamweleza habari za esigani, akamwomba aje Jumapili, akae dakika mbili, amwambie Mellen peke yake, basi.

"Mwanamke wa kuzunguka na daftari akiuliza watu siri zao?" Mniko akasema. "Huyo ni redio, mama. Tafadhali. Mokeira ni kama mtoto wangu, lakini hii usiniombe."

Mafuta yalikuwa yakichemka kwenye karai, mwenye samaki akiwafukuza nzi kwa gazeti.

"Haya," Nyasuguta akasema mwishowe. "Sijakuona. Sikuja huku."

Mniko alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Hakusema asante, aliushika tu mpaka Nyasuguta akauvuta mwenyewe.

*

Ijumaa alasiri nyumba ya Wasabato ni mbio tupu. Maji yachotwe, kuni ziingizwe, nguo zipigwe pasi, chakula cha kesho kiive kabla jua halijazama. Mokeira alikuwa uani akisugua sufuria kwa majivu, kwa nguvu ambazo sufuria haikuzihitaji.

"Caleb amepiga simu," akasema.

"Anasemaje?"

"Anasema yeye hana shida na baba. Lakini ng'ombe ni wa mzee, na duka ni la mzee."

"Sasa yeye mwenyewe yuko wapi katika hayo yote?"

"Yuko dukani kwa mzee," Mokeira akasema, na wote wawili wakacheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kicheko kilipoisha msichana aliendelea kusugua. "Mama, ile damu walinitoa. Wakipata hicho kitu kidogo daktari alichokuambia ndani yake, wataniambia?"

"Kitu gani? Wewe hujapigwa na jiwe."

"Ndiyo nasema. Siku hizi naogopa hata kugonga kichwa mlangoni."

Miaka ishirini na miwili, fundi wa kushona ambaye wanawake walitoka mpaka Karungu kumletea vitambaa, na hajawahi kumwambia mamake kwamba anaogopa kitu. Nyasuguta alichukua sufuria kutoka mikononi mwake, akaisuuza yeye.

*

Jumapili Mellen hakukubali kochi. Aliomba kiti cha plastiki, akakiweka karibu na mlango, "kwa sababu ya hewa." Boaz aliketi mahali pake pale pale, shati lile lile. Mokeira alisimama nyuma ya mamake.

Mellen aliisoma barua ya daktari kwa kidole, neno kwa neno. Akaisoma tena.

"Inaelekea," akasema. "Labda. Haijathibitishwa. Labda tena. Dada, hii barua ni ya daktari ama ya watu wa kutabiri mvua?"

"Muhuri wake si unauona?"

"Muhuri nauona. Maneno ndiyo sioni."

Hapo ndipo Nyasuguta alipokosea. Angekaa tu! Angenyamaza, aache barua ijipiganie yenyewe! Lakini alikuwa mtu aliyeishi maisha yake yote akiona karatasi yenye kurasa nyingi ikishinda yenye ukurasa mmoja, kwa chifu, kwa polisi, kwa benki. Akaingia chumbani akaleta kitabu cha utafiti, kile Boaz alichotia sahihi siku ya kwanza, kurasa tisa, mihuri mitatu, Kiswahili safi. Yeye mwenyewe hakuwahi kupita ukurasa wa pili. Akamwekea Mellen mapajani kama mtu anayeweka karata ya mwisho.

Mellen hakuwa na haraka. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa sita akasimama, akasoma kwa sauti: "'Tutachukua pia damu ya ndugu wa karibu wa mshiriki, ili kutazama kama kuna jambo la kurithi linaloweza kuchangia.'" Akainua uso. "Nani alitoa?"

"Mimi," Mokeira akasema.

Mellen aliandika hilo kwenye daftari. Aliliandika kwa huzuni, nisimsingizie, lakini aliliandika. "Sasa mnataka niseme nini kwa Mzee Oyaro? Madaktari wenyewe wanatafuta hii kitu kwa damu ya huyu msichana. Mimi ni nani niseme haimo?"

"Wanalinganisha tu! Si kwamba wamepata!"

"Na Mniko je? Mniko si mzima? Hilo swali hujanijibu mpaka leo."

"Mniko anayo!"

"Nyasuguta," Boaz akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mgeni aingie, na alilisema kwa sauti ambayo mkewe aliitambua mara moja. Boaz alijua. Alijua siku zote. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka, na vyote vilivyokuwa vimerundikana humo wiki nzima vikatoka.

"Anayo! Ameanguka mara tatu tangu mwezi wa kwanza. Nimemwona kwa macho yangu Homa Bay akichukua dawa, dawa hizi hizi za huyu! Uliniuliza jiwe moja limepiga vichwa viwili, mbona kimoja ni kizima. Si kizima! Vyote viwili vimeharibika, na ni jiwe! Andika basi. Mbona huandiki?"

Mellen alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi na hakuandika. Alimtazama Boaz. Akatazama mikono yake mwenyewe, ile iliyokuwa imeshika kitabu cha utafiti. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayejihesabia jambo:

"Siku Ndugu Kerosi alianguka hapa sokoni, mbele ya watu, si ni huyo Mniko alimbeba mgongoni mpaka nyumbani? Watu walinisimulia. Povu lilimtiririkia shingoni."

"Ndiye. Wengine wote walikimbia."

"Haya." Mellen akafunga daftari. "Sasa nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Ndugu Kerosi alimpa."

"Alimpa nini?"

"Kifafa. Kwa hilo povu, dada."

Nyasuguta aliinua mikono. "Kifafa hakiambukizi! Kila daktari atakuambia. Uliza Daktari Adhiambo—"

"Yupi? Huyu wa labda?"

Na Mellen akainuka. Alikiweka kitabu juu ya kiti cha plastiki kwa ncha za vidole, akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akajipangusa mikono, kidole kimoja kimoja, mbele yao. Akawaombea baraka za Mungu, na alimaanisha. Pikipiki iliyomleta ilikuwa ikingoja barabarani na walimsikia akimwambia mwendeshaji aondoke haraka.

Boaz aliendelea kukaa. "Mniko aliniambia mwezi ule ule wa kwanza," akasema. "Tuliapa."

"Uliapa! Na mtoto wako je, Boaz? Ulikuwa unaniangalia nikihangaika Homa Bay na ndizi kichwani, na jibu unalo?"

"Halikuwa jibu. Mtu asiyetaka kuelewa hakosi neno. Nilijua hawataamini." Alikivuta kifungo cha shati mpaka uzi ukakatika, haikuwa ile ndogo wala ile kubwa, ilikuwa hasira tu. "Alinibeba, Nyasuguta."

Mokeira alikuwa amekwenda mlangoni kutazama vumbi la pikipiki. Hakulia. Aligeuka akauliza swali moja tu.

"Sasa Mniko?"

*

Jumanne, maneno ya Mellen yakiwa yameshaenea, walimzuia Mniko kwenye mdomo wa shimo. Javan hakuja mwenyewe. Alimtuma msimamizi amwambie apumzike kwanza mpaka aitwe. Wenzake walimwekea vifaa vyake kando, vimefungwa ndani ya gunia, na aliyevifunga alivaa glavu.

Jumatano, saa nne hivi, alikuja sokoni. Nyasuguta alimwona tangu mbali, maana watu walikuwa wakimpisha njia, na soko la Macalder si mahali pa watu kupishana. Alisimama mbele ya meza ya ndizi. Mama Dolphine wa meza ya pili alivuta beseni lake la nyanya upande wake.

"Mama Mokeira."

"Mniko."

"Ni wewe?"

Angeweza kusema ni watu wa kliniki. Angeweza kusema Mellen aliona mwenyewe. Uongo ulimjia mwingi, tayari tayari, mtamu. "Ni mimi," akasema.

Mniko akatikisa kichwa polepole. "Na harusi?"

"Hakuna harusi. Walisema Boaz ndiye alikuambukiza."

"Aliniambukiza?"

"Siku ile ulimbeba. Kwa povu."

Mniko aliitazama ile habari upande huu na upande ule. Nyasuguta alitamani amtukane. Alitamani apindue meza, apige kelele, afanye kitu ambacho mtu angeweza kumwombea msamaha.

"Kwa hivyo hata wewe hukupata," Mniko akasema.

"Sikupata kitu."

"Tumepoteza hivyo tu."

"Hivyo tu."

Soko lilikuwa limetulia pande zote kama watu wanaosikiliza huku wakijifanya wanapanga bidhaa. Mniko aliinama, akachagua chane moja ya ndizi, si kubwa, akaiweka chini ya kwapa. Akatoa noti ya shilingi mia.

"Chukua tu," Nyasuguta akasema. "Tafadhali. Peleka watoto."

"Hapana." Hakushusha sauti, aliipandisha, kila mtu asikie. "Pesa hii chukua. Usiseme weka mezani, usiseme baadaye. Chukua kwa mkono wangu, mbele ya hawa watu, waone umenigusa."

Nyasuguta alinyoosha mkono akaichukua. Vidole vyake vilijifunga juu ya vidole vya Mniko, noti ikiwa katikati, na hakuviachilia upesi. Wakasimama hivyo, wamekodolewa macho na soko zima, mpaka Mniko mwenyewe alipojitoa akaenda zake na ndizi zake.

Mama Dolphine aliita kijana wa mkokoteni amsaidie kuhamisha meza yake mbali na ya Nyasuguta. Wanunuzi walipita, wakatazama mikungu, wakaendelea mbele. Mpaka soko linafungwa, Nyasuguta hakuuza ndizi nyingine.